Kandida Atuambie Feza Zitatoka Wapi



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja wa kundi letu aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale: “Mtu akija kutuambia anataka kuongoza mji, sisi tumuulize nini?” Mwingine akajibu, “Tumuulize kama ameleta chumvi.” Tulicheka wote. Lakini nilirudi nyumbani na lile swali kichwani, na leo ninataka kulijibu.

Nianze na Kindu. Wakati wa kampanye ya mwisho wa 2023, ndugu yangu mmoja anayekaa Alunguli alienda kumsikiliza kandida wa ushauri wa komine. Bwana yule alisema ana maono makubwa na siku moja atakuwa meya. Ataleta maji, taa, soko la kisasa, na daraja juu ya Lualaba ili watu wa Alunguli wasivuke tena kwa mtumbwi. Wamama walipiga vigelegele. Mnaelewa sababu: Kasuku na Mikelenge ziko upande mmoja wa mto, Alunguli iko upande wa pili peke yake. Mama akishikwa na uchungu usiku, mto ndio unaoamua. Daraja ni neno tamu kwa mtu wa Alunguli.

Lakini daraja la mto kama ule halijengwi kwa feza za komine. Hiyo ni kazi ya Leta kule juu, Kinshasa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza bwana yule feza zitatoka wapi. Waligawiwa vitambaa, wakarudi makwao.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Meya hachaguliwi na mimi na wewe moja kwa moja. Sheria inasema wananchi wanachagua washauri wa komine, washauri hao wanachagua burgumesta na washauri wa mji, na washauri wa mji ndio wanaomchagua meya. Ndiyo sheria, ingawa kwa miaka mingi mameya wetu wamekuwa wakiwekwa kwa ordonansi ya Rais. Kura ya washauri ya tarehe 20 desemba 2023 ilifanyika tu katika komine za miji mikuu ya majimbo, kwa hiyo hapa Maniema ilikuwa ya Kindu. Sisi wa Kabambare na wenzetu wa Kasongo bado tunangojea. Basi anayewaambia “nipeni kura niwe meya” amewarusha ngazi mbili. Meya mzuri anaanzia kwa mshauri mzuri, na mshauri anaweza kuwa mama wa kundi lenu.

Nani anasema haiwezekani? Kisumu, ule mji wa Kenya ulio kando ya ziwa Victoria, ulikuwa na njia inayofanana na hii yetu: washauri ndio waliomchagua meya. Mwalimu mmoja, Grace Onyango, aliingia katika baraza la mji mwaka 1964 kwa kuwakilisha mtaa wa Kaloleni. Mwaka 1965, baada ya meya aliyekuwepo kufariki, washauri walimweka yeye, akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meya katika nchi ile. Mwaka 1969 wananchi walimtuma bungeni, akakaa huko mpaka 1983. Alifariki 2023. Kitu kinachonipendeza katika habari yake ni kwamba hakuanzia juu. Alianzia mtaani, ambapo jirani wanajua kama unalipa madeni yako. Nairobi nao walimpata Margaret Kenyatta, aliyekuwa meya kuanzia 1970 mpaka 1976, lakini huyo alikuwa binti wa rais, na mabinti wa rais si wengi hapa Salamabila.

Sheria yetu ya uchaguzi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inasema listi yenye wanawake nusu ao zaidi hailipi kosiyo, ile feza ya dhamana. Kumbukeni jambo hilo siku vyama vitakapokuja kutafuta majina ya kujazia listi. Wakati ule wanatuhitaji kuliko sisi tunavyowahitaji. Mama asikubali kuwekwa chini kabisa kama mkia.

Sasa turudi kwenye feza, maana hapo ndipo maono ya kandida yanapopimwa.

Sisi tunakaa juu ya dhahabu. Namoya iko hapa karibu. Kampuni ya Banro ilitangaza kwamba imeanza kuzalisha kwa biashara mwanzoni mwa 2016. Sheria ya Madini iliyorekebishwa machi 2018 inasema kampuni inayochimba dhahabu inalipa redevansi ya 3,5 kwa mia. Feza hiyo inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine, sekta ao shefri ambapo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tufanye hesabu kama ya likelemba. Dhahabu ya dola 1.000.000 ikiuzwa, redevansi ni dola 35.000. Sehemu ya mahali penyewe ni dola 5.250. Zaidi ya hiyo, kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wananchi wanaoizunguka: dola 3.000 katika mfano wetu. Dhahabu ya kuchimba kwa mikono ina njia yake nyingine ya kulipa, na hiyo tutaizungumza siku nyingine, maana ni habari ndefu yenye miiba.

Dola 5.250 hazijengi daraja. Lakini zinachimba vyoo vya soko, zinaweka bati na vitanda katika chumba cha uzazi, zinatengeneza kalvati pale ambapo wanaosukuma kinga zenye mizigo wanalala njiani kila mvua. Kandida anayesema “nitaanza na choo cha soko, nacho kitalipwa kwa feza hii” ananishawishi kuliko anayeahidi uwanja wa ndege.

Niliuza ndagala miaka mingi katika soko moja ambalo sitalitaja. Kila asubuhi kijana wa tikiti alipita. Tulilipa, hata siku ambayo hatujauza kitu. Choo hakikuwepo, tulikuwa tunaomba kwa jirani, na mwenye mtoto mdogo alijua mwenyewe atafanya nini. Siku moja nilimuuliza kijana feza hizi zinaenda wapi. Akanijibu kwa upole, “Mama, mimi ninatumwa tu.” Sikumkasirikia. Lakini wekeni wauzaji 80, kila mmoja franka 200 kwa siku: ni franka 16.000. Kwa siku 26 za soko ni franka 416.000 kwa mwezi. Anayetaka kuongoza mji aahidi kwamba hesabu hiyo itabandikwa ukutani pale sokoni kila mwezi, kwa Kiswahili, siyo kwa Kifaransa cha ofisi.

Jambo lingine ni dogo na halina gharama kubwa: etasivili. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016 inatupa siku 90 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Siku hizo zikipita, mama anaanza kuzunguka mahakamani na makaratasi, naye ana muhogo shambani unaomngojea. Muulizeni kandida kama atamtuma mwandishi wa etasivili kwenye santé mara moja kwa juma, siku ya kupima watoto kilo, kwa sababu siku hiyo sisi wote tuko pale.

Makundi yanayotaka, chagueni maswali matatu tu, muyaandike katika buku la kikao. Wawili wayasome kwa sauti mbele ya kandida, wa tatu aandike majibu na tarehe. Sisi tutaanza alhamisi, baada ya likelemba. Mama wa chumvi ndiye atakayesoma.