Simu Pekee Haitoshi

Hoja kwamba simu ya kawaida yatosha kumwunganisha daktari wa kijijini na bingwa wa watoto, na kwamba video ni anasa, haiendani na ushahidi wa kaskazini mwa California. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulichunguza watoto mahututi katika hospitali 8 za vijijini: makosa ya madaktari katika dawa yalikuwa asilimia 3.4 bingwa aliposhauri kwa video, 10.8 kwa simu, na 12.5 pasipo ushauri wowote. Simu, kumbe, ilikaribia kuwa sawa na kimya. Wala si ajabu: mbavu za mtoto zinazobonyea akivuta pumzi huonekana, hazisimuliki. Mwenye hoja hiyo anaweza kudai kwamba bingwa hawezi kupapasa tumbo kupitia skrini. Kweli, lakini daktari aliye kando ya kitanda ana mikono. Na mtandao ukikatika? Hapo simu ndiyo ishikwe.