Kocha Mpya Sio Mganga: Vyuo vya Moro Viache Kusubiri Miujiza Kwenye Kikapu

Mwaka wa masomo ukianza pale Mji Kasoro Bahari, stori ya kikapu cha vyuo ni ile ile. Timu ilichapwa kwenye mashindano yaliyopita, mlezi wa timu kanuna, waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi kaahidi mambo makubwa, halafu linatoka tangazo kwamba kuna kocha mpya. Magrupu ya WhatsApp yanawaka moto. Picha ya jamaa akiwa na filimbi shingoni inasambaa kuanzia Mazimbu mpaka Mzumbe. Washkaji wanaandika eti safari hii hakuna timu ya Dar itakayotoka salama.

Subiri sasa UE ifike. Uwanjani wamebaki watu sita na mpira mmoja uliopungua upepo. Boom limechelewa, wengine wako field, wengine wanapambana na sapu. Lawama zote anabebeshwa nani? Kocha!

Ukweli lazima usemwe, hata kama utawauma vigogo wa michezo vyuoni (majina kapuni, wenyewe wanajijua). Kikapu cha chuo hakifi kwa sababu ya kocha peke yake, na hakifufuki kwa sababu ya kocha peke yake. Kinakufa pale chuo kinapomgeuza kocha kuwa mganga: anaitwa mgonjwa akiwa mahututi, anapewa usiku mmoja wa kumponya, na kukikucha mgonjwa hajainuka anaitwa tapeli.

Anayebisha asome kilichotokea Storrs.

Storrs ni kamji kadogo huko jimbo la Connecticut, Marekani. Sio New York, sio Los Angeles. Ndipo kilipo chuo cha University of Connecticut, wenyewe wanakiita UConn. Chuo hicho kilianza 1881 kama shule ya kilimo. Ndio, kilimo, kama ilivyo SUA chini ya milima ya Uluguru. Mpaka leo kina ng'ombe wa maziwa na kinauza aiskrimu inayotengenezwa hapo hapo chuoni. Kwa maneno mengine, ni watu wa shamba, na bado wamebeba ubingwa wa vyuo wa Marekani kwa wanaume mara sita.

Wabongo wengi walilijua jina la chuo hicho kupitia Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar, kapita Makongo Sekondari, urefu futi 7 na inchi 3, alicheza pale kuanzia 2006 hadi 2009. Msimu wake wa mwisho UConn ilifika nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State kwa 82-73. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili kwenye NBA, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Hapo ndipo Wabongo wengi walipoacha kufuatilia. Kumbe somo kubwa zaidi lilikuwa bado linakuja.

Kwanza, huyo kocha aliyemfundisha Hasheem, Jim Calhoun, alianzaje? Alifika Storrs 1986 akakuta timu hoi. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 9, akapoteza 19. Kwa akili za vijiwe vya Msamvu, huyo alitakiwa apandishwe basi la usiku arudi kwao. Chuo kikamuacha afanye kazi. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1999, miaka 13 baada ya kufika. Wa pili 2004, wa tatu 2011. Alistaafu 2012.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama, na sababu haikuwa moja. Mwaka 2013 timu ilifungiwa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu maendeleo ya masomo ya wachezaji wake yalikuwa chini ya kiwango. Kwa lugha ya vyuo vya Bongo, sapu zilizidi. Mwaka huo huo ligi yao ya asili, Big East, ikasambaratika, na UConn ikajikuta kwenye ligi ya timu za mbali ambazo mashabiki wake hawakuwa na ugomvi nazo wa kihistoria. Utani wa jadi ukaisha, na hamasa nayo ikapungua.

Kocha mpya wa wakati huo, Kevin Ollie, aliyewahi kucheza chini ya Calhoun, alibeba ubingwa 2014. Watu wakashangilia wakidhani ugonjwa umepona. Wapi! Msimu wa 2016/17 walishinda 16 wakapoteza 17. Uliofuata walishinda 14 wakapoteza 18. Machi 2018 Ollie akafukuzwa, chuo kikidai amevunja kanuni. Yeye akapeleka kesi, na mwaka 2022 msuluhishi akaamuru chuo kimlipe zaidi ya dola milioni 11. Hiyo hela ingejenga viwanja vingapi vya kikapu kuanzia Bigwa mpaka Kihonda? Kumfukuza kocha nako kuna bei yake.

Sasa ndio akaja Dan Hurley. Matumaini kibao, kelele kibao. Msimu wake wa kwanza alishinda 16, akapoteza 17. Hakuna muujiza. Wa pili 19 kwa 12. Mwaka 2020 chuo kikairudisha timu Big East, kwenye watani wake wa zamani. Mwaka 2021 wakaingia mashindano ya taifa, wakatolewa raundi ya kwanza. Mwaka 2022 wakaingia tena, wakatolewa raundi ya kwanza tena. Hebu fikiria kocha wa chuo cha Moro afanye hivyo mara mbili mfululizo. Angepona?

Hurley alipona. Mwaka 2023 akabeba ubingwa, fainali 76-59 dhidi ya San Diego State. Mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho alikuwa Adama Sanogo, kijana wa Bamako, Mali. Sanogo na nyota wengine wakaondoka, watu wakasema imeisha hiyo. Mwaka 2024 akabeba tena, 75-60 dhidi ya Purdue. Lakers wakamfuata na ofa ya kufuru, dola milioni 70 kwa miaka sita. Akakataa, akabaki na chuo.

Na kina dada wa chuo hicho hicho ndio balaa zaidi. Kocha wao, Geno Auriemma, yupo pale tangu 1985, na mpaka 2025 kawapa ubingwa wa taifa mara 12. Miaka 40, kocha mmoja. Vyuo vya Bongo ambavyo timu ya wasichana inakumbukwa siku ya kujaza fomu za mashindano vijiangalie kwenye hicho kioo.

Najua jibu la vigogo, maana hawana jingine: wale wana hela. Sawa, wana hela. Ila hela walikuwa nazo pia walipokuwa wanashinda 14 na kupoteza 18. Hela ilikuwepo, kikapu kikashuka vile vile. Waliporudi juu, kilichowarudisha ni vitu vitatu ambavyo vyuo vya Moro navyo vinaviweza, kwa kipimo chao.

Cha kwanza ni muda. Kozi nyingi za digrii ni miaka mitatu. Mchezaji aliyeingia na kocha mwaka wa kwanza atakuwa amekomaa mwaka wa tatu. Ukibadilisha kocha kila msimu, maana yake kila kijana anapita chuoni akiwa amefundishwa na watu watatu tofauti mitindo mitatu tofauti, halafu anaondoka bila kujua hata mmoja. Unapoteza mwaka mmoja wa chuo, umempora huyo kijana theluthi ya maisha yake ya kikapu pale. Hapati pa kwenda kuudai. Kocha apewe miaka mitatu, iandikwe kwenye karatasi na sio kwa maneno ya koridoni, na apimwe kwa mambo yanayoeleweka: mazoezi mangapi yamefanyika, wachezaji wangapi wamefaulu mitihani, mechi ngapi zimechezwa.

Cha pili ni mizizi. Timu ya chuo haianzi chuoni. Hasheem mwenyewe aliushika mpira wa kikapu akiwa sekondari. Moro imejaa shule. Kuna Kilakala kwa wasichana, kuna Mzumbe Sekondari kwa wavulana, kuna shule za kata kila upande. UMISSETA ipo, vijana wanaonekana. Lakini kocha wa chuo anayekwenda kuwaangalia ni nani? Wengi wanasubiri mwaka wa kwanza wafike, wapange foleni, halafu waulizwe nani mrefu. Huko ni kuokota, sio kujenga. Jumamosi moja kwa mwezi kocha na wachezaji wake wakafundishe kwenye shule hizo. Gharama yake ni nauli ya daladala na mipira miwili.

Cha tatu ni mechi. UConn ilidhoofika ilipotolewa kwenye ushindani wake, ikapata nguvu iliporudishwa. Chuo kinachofanya mazoezi mwaka mzima kikisubiri mashindano ya vyuo tu kinajidanganya. UDSM wana timu yao ya Outsiders ambayo imekuwa ikicheza ligi ya mkoa wa Dar na kukutana na watu wazima wa JKT na Savio. Vyuo vya Moro vinasubiri nini? Kisingizio cha umbali kimekufa. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Moro kwa saa mbili hivi. Timu inaweza kuondoka asubuhi, ikacheza Dar, ikachapwa, ikajifunza, na jioni ikala chakula Moro. Na hapa hapa mkoani vyuo vipo vya kutosha kuchezeana kila wikendi. Ni simu moja tu.

Wazee wa milimani wana kumbukumbu moja ambayo vigogo wangeisikiliza. Miaka ya 1950 mkoloni aliwaletea Waluguru mpango wa matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usimomonyoke. Kwenye makaratasi ulikuwa mpango mzuri. Lakini watu waliamrishwa, hawakushirikishwa, na mwaka 1955 wakachachamaa mpaka mpango ukafa. Kocha anayeteremshwa kutoka ofisini bila wachezaji kuulizwa, bila idara ya michezo kupewa jukumu, bila walimu wa masomo kujua ratiba ya mazoezi, ni matuta ya ngazi mengine hayo.

Na Uluguru ina fundisho jingine linalopita mbele ya macho kila siku. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima ile, na maji yake yanakwenda kunywewa Dar. Vipaji vya kikapu vya Moro navyo vinafuata mkondo huo huo. Kijana akiwa mzuri anateremka Dar kutafuta klabu. Hakuna ubaya, kila mtu anatafuta riziki. Ubaya ni chanzo kuachwa kikauke, halafu watu wakae kivulini wakishangaa mbona mto hauna maji.

Asitokee mtu wa kusema Moro haiwezi. Mkoa huu ulitoa Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda kutoka Turiani, iliyobeba ubingwa wa ligi kuu ya soka mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, mbele ya Simba na Yanga. Hawakuwa na bahari, walikuwa na miwa. Walichokuwa nacho ni kiwanda kilichoishikilia timu yake.

Kwa hiyo kocha mpya akija, apokelewe vizuri, apigiwe makofi, apewe na chai. Lakini makofi yakiisha, maswali yasiende kwake kwanza. Yaende kwa aliyemleta. Mkataba wake ni wa muda gani? Mipira mingapi ipo stoo? Mechi ya kwanza ya kirafiki ni lini na nani? Timu ya wasichana ina kocha? Wakikosa majibu, basi hawajaleta kocha. Wameleta mtu wa kulaumiwa mashindano yakifika.

Wadau wa kikapu Moro, chuo chenu kina mpango au kina picha ya kocha tu? Dondosha komenti hapo chini, matusi pembeni.