Kabla ya Giza, Kolo

Familia ya Dodoma inayopanga kwenda Misri huanza na pasipoti za watoto, viza, nauli za ndege na akiba ya mwaka mzima. Huko Giza (jina ambalo Mswahili halisikii bila kutabasamu) watoto watapigwa picha mbele ya piramidi ya Khufu, yenye umri wa takriban miaka 4,500. Safari nzuri, hakuna anayeibeza.

Ila wengi wa wanaoipanga hawajawahi kushuka garini Kolo.

Kolo iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, ukishaupita mji wa Kondoa. Mabasi ya Arusha hupita hapo kila siku, abiria wamesinzia. Kwenye vilima vya mashariki yapo mawe makubwa yaliyoinama, na chini yake michoro iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: mapango zaidi ya 150, eneo la kilomita za mraba 2,336. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka 1983.

Ukifika pango la Mungomi wa Kolo, mwanzoni huoni kitu. Macho yakishazoea, wekundu unaanza kujitenga na jiwe: twiga, tembo, watu wembamba kama vijiti wenye nywele zilizotimka. Watafiti wengi huwahusisha wachoraji na mababu wa Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi wilaya jirani ya Chemba na lugha yao yenye vidoko. Mtoto wako anaweza kusoma darasa moja na Msandawe. Nani Misri atamwonyesha mjukuu wa Khufu?

Tena Farao hatambikiwi. Kolo wazee bado hupanda kuomba mvua na uponyaji, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa pombe ya tambiko ikimwagwa ukutani huiharibu michoro ileile. Kuwafukuza wazee si dawa. Wao ndio waliolitunza jabali kabla ya ofisi yoyote. Wa kuzuiwa ni wanaochimbua mapango wakitafuta dhahabu inayodaiwa kufichwa na Wajerumani.

Hata kwa anayetoka nje ya Dodoma, treni ya SGR inafika hapo tangu 2024. Kutoka Dodoma ni basi la asubuhi tu. Wazazi, anzeni na Kolo. Vaeni viatu vya kupandia mawe, bebeni maji, mchukueni kiongozi wa wageni, na mtoto asiguse michoro.