Kodi ya Nyumba Ianze na Nyumba Yenyewe

 

Ndugu wasomaji, miongoni mwa mashauri yanayofikishwa mbele yetu sisi wa kamati za misikiti katika wilaya ya Kilosa, ya ndoa na mirathi ndiyo yaliyozoeleka. Lipo fungu jingine linalozuka kila mvua zinapoanza, nalo ni ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji. Shauri moja lilimhusu mpangaji aliyekuwa amelipa miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa tatu bati likaachia na chumba kikavuja. Mwenye nyumba alipoambiwa alijibu kwamba fedha imekwisha tumika. Mpangaji akamwita fundi kwa fedha yake, kisha miezi sita ilipotimia akagoma kulipa. Kila mmoja alikuja na hoja, na kila mmoja alijiona amedhulumiwa.

Chanzo cha ugomvi huu ni kusahau kilichouzwa. Katika sheria ya ijara mpangaji hanunui kuta. Ananunua manfaa, yaani makazi yenye stara na usalama kwa muda maalumu. Imamu Nawawi katika Minhaj ameweka matengenezo ya nyumba upande wa mwenye nyumba. Asipoyafanya, mpangaji anayo hiari ya kuvunja mkataba. Kufagia uwanja na kuondoa taka ni juu ya mpangaji. Nyumba ikianguka, ijara ya muda uliobaki huvunjika, na mpangaji hudaiwa siku alizokaa tu. Kwa hiyo kodi ya miezi sita iliyopokewa mbele bado inasubiri manfaa yake. Anayeila yote mwezi wa kwanza anakula pamoja na siku ambazo bado hajazitoa.

Mpangaji naye ana mipaka yake. Nyumba ni amana mkononi mwake, na akivunja kwa uzembe atalipa. Akitengeneza bila idhini, wanazuoni wengi huuhesabu mchango wake kuwa ni hisani, hana haki ya kuukata kwenye kodi. Ndiyo maana tulisuluhisha kwa maridhiano, kisha tukawataka waandike. Qur'an Tukufu katika Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuhimiza kuyaandika madeni na kuweka mashahidi. Karatasi moja yenye saini nne haishindi uwezo wa mtu yeyote. Iandikwe kodi ni kiasi gani, nani anatengeneza nini, na siku ngapi zitangojwa kabla mpangaji hajaruhusiwa kumwita fundi na kukata gharama.

Yaandikwe pia ya umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kila mwezi kupitia LUKU; mwaka huo ilianzia shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Fedha ni ndogo, ila haki haipimwi kwa udogo. Mwenye nyumba aipunguze kwenye pango, au wakubaliane waziwazi tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye uendeshaji wa mali yenyewe. Waliosimamia nyumba za wakfu wanaijua kanuni kongwe: mapato ya wakfu huanza kuutengeneza wakfu, ndipo wapewe wanufaika. Kanuni hiyo imezidumisha nyumba kwa vizazi, nasi twaona mwenye nyumba binafsi anaihitaji zaidi, kwa kuwa hana kamati ya kumkumbusha. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba vinne, kila kimoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Mapato ni 120,000. Akitenga sehemu moja ya kumi kabla hajanunua hata kilo ya sukari, kila mwezi ana 12,000, na mwaka ukiisha ana 144,000. Fedha hiyo haijengi nyumba, lakini inabadilisha mabati yaliyotoboka, inaziba nyufa za lipu na kumlipa fundi wa umeme kabla waya haujaungua. Anayengoja mpaka kenchi zioze atauza kiwanja kimoja ili aezeke kingine.

Ukaguzi ufanyike mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake. Tazama misumari ya bati, magata na mifereji ya kuondoa maji ukutani. Tazama msingi, hasa wa nyumba za tofali za udongo, kwani maji yanayorukia ukuta huula taratibu. Gonga miimo ya milango usikie kama mchwa wameingia. Pima shimo la choo kabla halijajaa. Choo kikifurika, madhara huwafikia majirani, na dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana.

Kwetu Kilosa mjini yapo mazito zaidi. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta, nyumba zikaanguka, maelfu ya watu wakahamia kambini, na hata reli ya kati upande wa kuelekea Gulwe ikakatika. Mwenye kusahau hayo na kujenga vyumba vya kupangisha ukingoni mwa mto, kwa kuwa kiwanja ni rahisi, anaweka rehani roho za watu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imetaka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Kabla ya kununua, fika ofisi ya ardhi ya halmashauri, na uwaulize wazee wa mtaa maji ya mwaka ule yalifika wapi.

Wenzetu wa Mikumi, ndani ya wilaya hii hii, hawana tuta la kuhofia, lakini wana kishawishi chao. Mji wao umekaa kwenye barabara kuu ya Iringa na Mbeya, jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na kila mwenye kiwanja hutamani nyumba ya wageni. Wageni huja kwa msimu. Mwalimu, muuguzi na mfanyakazi wa mashamba ya miwa ya Ruaha na Kidodi huhitaji chumba mwaka mzima. Kadhalika treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 inapita Kilosa, na matarajio ni makubwa. Tusikope kwa riba kwa kuyafuata matarajio. Chumba kimoja kizima chenye mpangaji wa miaka mitano kina baraka kuliko vitatu vinavyohamwa kila masika.

Na mwaka ukitimia tusisahau zaka. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi jengo la kupangisha halitolewi zaka, bali fedha yake iliyobaki ikifikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka. Hata akiba ya matengenezo, ikiwa imelala mwaka mzima, inaingia katika hesabu hiyo.

Katika nyumba nyingi za wilaya hii, kodi ndiyo chakula cha mjane na ada ya yatima. Warithi wakigawana kila senti na kuiacha paa, miaka michache baadaye watakuwa wanagawana magofu. Wiki hii, kabla ya mawingu kukaza, mwenye nyumba achukue ngazi apande, na ampe mpangaji wake nafasi ya kusema panapovuja.

Allah atujaalie chumo la halali na atuepushe na kula haki za waja Wake. Wallahu a'alam.