"Asilia" si kipimo



Tumechoka na neno "asilia". Bibi harusi anasingwa liwa, ananyweshwa uwatu, anakorogewa unga wa mlonge kutoka Nyamwage, na tukimuuliza somo kama ni salama, jibu ni lile lile: "Majani tu hayo, mwanangu."

Majani tu? Rufiji wanalima korosho, na mikorosho hupuliziwa dawa. Upepo haujui mpaka wa shamba. Jani likianikwa maji hukauka. Dawa nyingine hubaki pale pale.

Wauzaji wanasema rangi ya kijani huvuruga mashine za kupimia. Kweli. Ndiyo maana maabara huchuja kwanza majimaji ya majani kwa unga wa kufyonza rangi: mkaa amilifu, hata wa vifuu vya nazi, au kitozani itokanayo na maganda ya kambamiti. Maganda hayo delta inayo tele, tunayatupa! (Msijaribu jikoni, mkaa ukizidi hufyonza na dawa inayotafutwa.)

Mtume (s.a.w.) sokoni alitia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta umajimaji uliofichwa chini. Hakuridhika na sura ya juu. Sisi tunaridhika na lebo?

Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo. Pesa za mpambaji tunazipata, za kipimo hatuna?

Sanduku la bibi harusi wetu haliingii tena unga usio na karatasi ya maabara. Na wewe somo, usitununie.