Chupa Ionyeshayo Umeme Tuli

Mtu avuapo sweta gizani hapa Kangemi, hasa katika siku kavu za Januari na Februari, pengine husikia mlio wa tatata na kuona cheche ndogo. Wako wanaodhani ni mashetani. Yakini huo ni umeme tuli, ndugu yake radi, na msomaji aweza kuutambua kwa chombo cha kujitengenezea nyumbani.

Twaa chupa ya jamu iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko cha plastiki. Kitoboe katikati, upenyeze waya wa shaba, na ncha ya juu uivingirishe iwe kifundo. Ncha ya ndani uikunje kama ndoana, utundike vipande viwili vyembamba vya karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, vining'inie vikigusana. Mwaka 1787 Mwingereza Abraham Bennet alitumia vipande vya dhahabu. Sisi tutaridhika na alumini.

Sugua chanuo la plastiki kwa kitambaa cha sufu, ulikaribishe kwenye kifundo pasipo kukigusa. Mara vipande vitatengana. Chanuo lina umeme hasi, nao huusukuma ule umeme hasi wa kwenye waya ushuke katika vipande vyote viwili. Na umeme wa namna moja husukumana. Ondoa chanuo, vitakutana tena. Lakini ukiliburuza juu ya kifundo, umeme kidogo huhamia humo, na vipande hubaki wazi hata uguse kwa kidole, ndipo umeme upite mwilini mwako kwenda ardhini. Wakati wa masika usishangae chombo kikigoma, kwani unyevu huutorosha umeme.

Sasa pangusa kwa sufu dumu jipya la plastiki, lisilopata kutiwa mafuta, ulikaribishe. Vipande vitatengana vilevile. Hapa ndipo nionapo faida kubwa ya chupa hii, maana wako waendesha bodaboda wachukuao petroli kwa madumu ya namna hiyo. Plastiki haipitishi umeme, basi umeme hukaa juu yake. Tena petroli yenyewe ipitapo mpirani kwa kasi huzaa umeme, na mvuke wake huwashwa na cheche ndogo mno. Kwa hiyo chombo kiwe kile kilichotengenezwa kwa petroli, kiwekwe chini ardhini wala si juu ya kiti cha pikipiki, na mdomo wa mpira ukiguse mpaka kazi iishe.