Nyumbani na Shuleni: Wenzi wa Kanzu ya Buluu

Wazazi na waalimu, katika kila shule yupo mtoto achekwaye kwa ulimi wake mzito, na yupo asiyejiwa na mtu siku za kutembelewa. Nataka kuwapa habari za wawili wa namna hiyo.

Palikuwa na shule ya watoto maskini mjini London, jina lake Christ's Hospital, iliyoanzishwa mwaka 1552. Wavulana walivaa kanzu ndefu za buluu. Mwaka 1782 waliingia humo Samuel Taylor Coleridge, yatima wa kasisi, ambaye kwao ni mbali sana, na Charles Lamb, aliyekuwa mdogo wa umri na mwenye kigugumizi. Wavulana wakubwa walikuwa wakali: usiku wa baridi waliwatoa wadogo vitandani wakawapiga kwa ukanda, na mchana wakawafukuza penye moto. Lamb aliletewa chakula cha moto na shangazi yake, akaona haya kukila mbele ya wenzake. Coleridge hakuletewa kitu. Siku za ruhusa alizunguka mjini na njaa yake.

Kigugumizi kilimfungia Lamb njia ya chuo kikuu, kwani waliopelekwa huko walitazamiwa kuwa makasisi, na kasisi hana budi kuhubiri. Alitoka shule mwaka 1789, baadaye akawa karani. Mwenzake alikwenda Cambridge. Hapo ndipo wengi husahauliana.

Hata Septemba 1796, Mary, dada yake Lamb, akashikwa na wazimu, akamwua mama yao kwa kisu cha mezani. Lamb, kijana wa miaka 21, alimwandikia Coleridge, akamsihi ampelekee barua yenye maneno ya dini kadiri awezavyo. Naye akajibu upesi. (Waligombana pia, mwaka 1798, wakanyamaziana, kisha wakapatana.)

Mwaka 1820 Lamb aliandika habari za shule ile. Ajabu yake ni hii: asemaye “mimi” humo, akilia njaa na upweke, si Lamb, bali ni Coleridge. Yule aliyekula chakula cha moto alikuwa ameitunza njaa ya mwenziwe miaka thelathini na zaidi! Basi, mwalimu, ukiwaona wawili waliokataliwa wameketi kando ya uwanja wakinong'ona, usiharakishe kuwatenganisha ili wacheze na wengine.

Coleridge alikufa Julai 1834. Lamb alimfuata Desemba ya mwaka uo huo.